Kabla ya kulipa, uliza mipaka



Mu muji wetu wa Lubumbashi kuko biashara inapita chini chini, kwa WhatsApp, kwa Telegram, ku vibanda vya kuchaji simu. Mtu anakuuzia programu. Anasema: «Weka mu mashini yako, bonyeza, lala. Kesho utaamuka na Bitcoin.» Anakuonyesha picha ya skrini yenye namba zinakimbia kama maji ya mvua. Anaomba dola makumi, kwa feza ya telefone, leo leo, juu bei inapanda kesho. Wenye kununua ni nani? Ni shiye: wenye diplome, wenye kubeba dossier toka asubui, wenye kujua kidogo ya informatiki na wenye njaa nyingi.

Ninaandika juu ya neno moja ambalo muuzaji hapendi kutamka: mipaka. Programu ya namna hii inapaswa kuambiwa ianze kutafuta wapi na iishie wapi. Ukijua kusoma hiyo mipaka, huibiwi. Usipojua, unalipa kwa kuangalia namba zikikimbia.

Nilisoma mahesabu na informatiki, kazi sijapata. Lakini hesabu ya huku chini haiombi diplome. Inaomba kalamu na uvumilivu.

Kwanza, ufunguo ni nini

Bitcoin yote inakaa chini ya ufunguo wa siri. Ufunguo huo ni namba tu, hakuna uchawi. Kutoka hiyo namba, hesabu inatengeneza ufunguo wa wazi, na kutoka ufunguo wa wazi inatengeneza anwani. Kwenda mbele ni rahisi, simu yako inafanya mu sekunde. Kurudi nyuma, kutoka anwani mpaka namba, hakuna njia ya mkato: unajaribu namba moja, unaangalia kama inatoa anwani ile, haitoi, unajaribu ingine.

Namba zinazowezekana ziko ngapi? Ukiiandika, inachukua tarakimu 78. Mu franka, hata ukihesabu bajeti ya inchi toka uhuru, hufiki robo ya tarakimu hizo. Kwa hiyo mtu anayekuambia programu yake «inatafuta pochi zilizopotea» mu ulimwengu wote wa funguo, anakutuma kutafuta chembe moja ya mchanga bila kukuambia ni mto gani.

Kuko mchezo mmoja wa kweli

Sisemi kila kitu ni bongo. Kuko fumbo la kweli, na ndilo wauzaji wanatumia kama kivuli.

Tarehe 15 Januari 2015, mtu ambaye mpaka leo hajulikani alituma karibu Bitcoin 32.9 kwa anwani 256 kwa mara moja. Alizipanga kwa makusudi. Ufunguo wa anwani ya 1 ni namba 1. Wa 2 uko kati ya 2 na 3. Wa 3 uko kati ya 4 na 7. Wa 4 uko kati ya 8 na 15. Kila ngazi, eneo la kutafuta linakuwa mara mbili ya lile la mbele yake. Wa 10 uko kati ya 512 na 1023, na jibu lake ni 514: unaweza kulitafuta na kalamu ukiwa unangoja bukari iive.

Mwaka 2017 alitoa zawadi za anwani za mwisho, kuanzia ya 161, akazigawa kwa zile za mbele. Mwaka 2023 zawadi iliongezwa mara kumi. Ya 66 ilifunguliwa mwaka 2024. Ya 67, ya 68 na ya 69 zilifunguliwa mwaka 2025. Ya 70 ilikuwa imefunguliwa toka 2019. Ndiyo maana sasa kila mtu anaimba «71, 71». Anwani ya 71 iliwekewa Bitcoin 7.1. Na Bitcoin moja ilipita dola 100,000 kwa mara ya kwanza mu Desemba 2024. Hesabu wewe mwenyewe namna hiyo inaweza kumlewesha kijana asiye na kazi.

Tofauti kati ya fumbo hili na bongo ya wauzaji ni moja: mipaka ya fumbo inajulikana na watu wote. Ni kama kuambiwa, chimba hapa, hazina iko ndani ya hiki kipande.

Shiye wa Katanga tunaelewa hii

Hapa kwetu mtoto mdogo anajua kare ni nini. Cadastre minier inagawa udongo kwa kare, na kare moja ni hektari 84.955. Mtu hachimbi Katanga yote. Anauliza: kare gani, mawe gani yako chini, wengine wamekwisha kuchimba mpaka wapi. Hata ku Kasulo, Kolwezi, ambako watu walipasua sakafu za nyumba zao juu ya kobalti, kila mmoja alijua anachimba wapi na mawe ya jirani yake yametoka wapi.

Kuweka mipaka mu programu ni kuchagua kare. Kwa fumbo la 71, unaandika mwanzo na mwisho kwa heksadesimali, ile hesabu ya tarakimu 16 inayotumia namba na herufi mpaka f. Mwanzo ni 4 ikifuatwa na sifuri 17. Mwisho ni 7 ikifuatwa na f 17. Ukisahau sifuri moja tu na f moja, umeingia mu kare ya 67, shimo ambalo limekwisha kuchimbwa na feza imekwisha kutoka. Mashini itafanya kazi usiku na mchana, namba zitakimbia vizuri, na utakuwa unachota maji kwa kisima kikavu. Skrini haitakuambia kitu.

Hapo ndipo mwenye kujua anaonekana. Mbele ya kutafuta ya 71, anajaribu mashini yake na fumbo ambalo jibu linajulikana, kwa mufano la 30. Kama programu haipati jibu la 30 ndani ya dakika moja ao mbili, iko na ugonjwa, ao mipaka imeandikwa vibaya. Muulize muuzaji afanye jaribio hilo mbele yako. Utaona namna atakumbuka kwamba ana safari.

Sasa tuhesabu wakati

Chukua laptop ya kawaida. Tuipe heshima, tuseme inajaribu funguo milioni 10 kwa sekunde.

Fumbo la 40: inamaliza eneo lote ndani ya saa 15 hivi. Vizuri.
Fumbo la 50: siku 651.
Fumbo la 60: miaka zaidi ya 1,800.
Fumbo la 71: miaka milioni 3 na laki 7.

Hakuna mahali nimeweka chumvi. Eneo la 71 liko na funguo 1,180,591,620,717,411,303,424. Gawanya kwa milioni 10, halafu gawanya kwa sekunde za mwaka. Ni hiyo tu.

Utasema: «Yaya, nitanunua kadi ya grafiki ya nguvu.» Sawa. Tuseme inajaribu bilioni moja kwa sekunde, mara 100 ya laptop. Miaka 37,000. Kusanya kadi 1,000 za namna hiyo: miaka 37. Kwa wastani unaweza kupata katikati ya njia, basi gawanya kwa mbili. Bado mjukuu wako ndiye atakula, kama umeme haukukatika.

Na umeme wenyewe? Kadi moja ya namna hiyo inakunywa wati 350 hivi. Kwa siku ni zaidi ya kilowati-saa 8, kadi peke yake, bila mashini ingine. Mu inchi ambako karibu mtu mmoja tu kwa watano ndiye ana umeme, na mu muji ambako tunajua délestage kuliko tunavyojua majina ya wabunge wetu, nani atawasha hiyo kadi mwaka muzima? Ukiweka jenereta, mafuta yatakula zawadi mbele haijapatikana.

Wanaopata Bitcoin kwa mashini, kwanza wanahesabu umeme. Ku Kivu ya Kaskazini, Parc ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuzalisha Bitcoin ku Luviro, juu walikuwa na nguvu za maji zao wenyewe zilizobaki bila mtumiaji. Kazi yao ni ya namna ingine, wanatengeneza bloki, hawatafuti funguo. Lakini somo ni lile lile: mali yao ilikuwa mto. Wewe na mimi tuko na mto gani?

«Mipaka ya VIP»

Wauzaji wenye akili zaidi wamekwisha kusikia hesabu hii, kwa hiyo wamebadilisha wimbo. Wanasema eneo lote ni kubwa, ni kweli, lakini wao wako na «mipaka ya siri», kipande kidogo ambako «alama zinaonyesha» ufunguo uko. Lipa, watakupa.

Sikiliza. Tuseme wanakupa kipande ambacho laptop yako inamaliza kwa saa 30. Kipande hicho ni kimoja kati ya zaidi ya bilioni moja ya vipande vya namna hiyo ndani ya eneo la 71. Na hakuna kipande chenye bahati kuliko kingine. Mwenye fumbo hakuacha nyayo. Majibu ya zamani, 514 na ndugu zake, yameangaliwa na watu wa mahesabu dunia nzima miaka 10 sasa, hakuna aliyeonyesha mfumo wa kubashiri jibu linalofuata. Mtu angejua kipande kiko wapi, angekimaliza yeye mwenyewe kwa saa 30, halafu angenunua nyumba ku Golf. Hangekuja kukuuzia dola makumi ku kibanda.

Wengine wanasema: usianze mwanzo, chagua ovyo ovyo, «random», bahati inapenda hivyo. Kuchagua ovyo hakuongezi bahati. Ukichagua ovyo bila kuandika mahali umekwisha kupita, ni kama mtu anayechimba usiku bila taa: kesho anarudi mu shimo lake mwenyewe.

Na hata ukipata

Hapa ndipo wengi hawafiki kwa mawazo, na hapa ndipo hatari ya kweli.

Tuseme Mungu amekupendelea, ufunguo wa 71 uko mu skrini yako. Unafurahi, unatuma Bitcoin kwa pochi yako. Unapotuma, ufunguo wa wazi wa ile anwani unaonekana na dunia nzima, mbele bloki haijaufunga. Bloki moja inakuja kwa wastani kila dakika 10. Na mtu akishakuwa na ufunguo wa wazi na mipaka anaijua, njia inabadilika: kuko hesabu inayoitwa kangaruu, ambayo haina haja ya kujaribu namba zote. Kwa eneo la 71, kadi ile ile iliyohitaji miaka 37,000 inapata jibu kwa dakika moja ao mbili. Kuko mashini zinazolala macho wazi zikingojea saa hiyo. Zinapata ufunguo wako, zinatuma upya feza ile ile kwa pochi yao na malipo makubwa zaidi kwa wanaofunga bloki, na yako inatupwa.

Anayejua hii hatumi mbele ya watu wote. Anapeleka muamala wake moja kwa moja kwa mwenye kufunga bloki, kwa siri. Muulize muuzaji wa programu kama amewahi kukueleza hiyo. Kama hajakueleza, basi yeye mwenyewe hajawahi kufikiri kwamba utapata.

Tena, kuko programu zenyewe. Zile za kweli za kazi hii zinapatikana bure, na maandishi yake yako wazi, mtu anaweza kuyasoma mustari kwa mustari. Ile unayouziwa ku kibanda imefungwa. Unaambiwa uzime antivirusi «juu inasumbua». Ndani yake mtu anaweza kuweka kila kitu: kumpelekea yeye ufunguo ukipatikana, kusoma nywila zako, kubadilisha anwani unayokopi. Unalipa ili umufungulie mwizi mulango.

Kijana mmoja wa Katuba, mama yake anauza makala, alinunua programu hiyo kwa feza ya minervali ya mdogo wake. Aliiacha itembee siku 19, akilipa kila siku mahali pa kuchomeka mashini. Nilipoangalia, mipaka haikuwa imeandikwa popote. Programu ilikuwa inachagua ovyo mu eneo lote, lile la tarakimu 78. Aliniambia: «Miye nilizania inatafuta tu zenye kupotea.» Mu funguo hakuna alama ya kusema huu umepotea, huu uko na mwenyewe. Mdogo wake alifukuzwa masomo kwa wiki mbili.

Na hapo kuko jambo la haki pia. Anayetafuta mu fumbo, mwenyewe wa feza aliziweka pale kwa makusudi ili zitafutwe. Anayetafuta mu eneo lote anatafuta pochi ya mtu ambaye hajasema kitu. Kama angepata, angekuwa ameiba. Code du numérique ya 13 Machi 2023 inaazibu kuingia bila ruhusa mu mifumo ya watu. Vijana ambao tunapinga wizi wa wakubwa hatuwezi kununua vifaa vya kuiba kwa dola makumi na kuita hiyo kujitafutia.

Si mara ya kwanza

Wazee wanakumbuka Bindo. Kinshasa, mwaka 1991, watu waliweka feza zao wakingojea zizae, na ikaanguka. Wakati ule muuzaji alionyesha wenye kulipwa wa kwanza. Leo anaonyesha skrini yenye namba. Kinachofanana ni umasikini wa kungojea, na aibu ya kuuliza swali mbele ya watu. Tunaogopa kuonekana hatujui. Muuzaji anaishi kwa hiyo aibu.

Sitawaambia vijana «fanyeni kazi, acheni ndoto». Kazi gani? Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, malori yanapita Kasumbalesa usiku na mchana, na mwenye licence anauza unités ku njia. Mtu ambaye milango yote imefungwa ataanza kujaribu funguo, ni kawaida. Ndiyo maana hasira yangu haiko kwa anayenunua. Iko kwa anayemuuzia kiu.

Tunaomba nini

Kwa kila kijana anayesoma hapa, maswali manne mbele ya kutoa hata franka moja:

1. Mipaka ni gani? Mwanzo na mwisho, viandikwe ku karatasi. Asiyeweza kuandika, aende.
2. Mashini yangu inajaribu funguo ngapi kwa sekunde? Gawanya eneo kwa hiyo namba, halafu gawanya kwa 31,536,000, sekunde za mwaka. Utapata miaka yako.
3. Ipate fumbo la 30 mbele yangu, sasa. Ikishindwa, hakuna mazungumzo.
4. Kwa nini unauza kitu kinachopatikana bure?

Kwa wenzangu wenye diplome za informatiki na za mahesabu: mkutano wenu wa Jumamosi, toeni saa moja. Fumbo hili ni mwalimu muzuri. Mafumbo ya kwanza 10 yanaweza kufundisha mtoto wa sekondari nguvu za 2, heksadesimali, na kwa nini siri ya mtu inaweza kulindwa na hesabu tu. Hiyo ni elimu ambayo mtu anaweza kuuza kesho kwa haki, kwa banki, kwa kampuni ya simu, kwa mutu wa ng'ambo anayetafuta mtu wa kuandika programu.

Kwa wenye vibanda na wenye kuongoza magroupe ya WhatsApp: mnajua nani anauza. Mkimruhusu apite kwenu, feza ya minervali inapita kwenu pia.

Na kwa wauzaji: hatuna polisi, hatuna buloko. Tuko na kalamu. Kila programu mtakayoleta ku Kenya, ku Kamalondo, ku Ruashi, tutaomba mipaka yake mbele ya watu, na tutahesabu kwa sauti.